Fundi Mafuta na kitone chekundu kwenye ramani

Saa mbili asubuhi, na Fundi Mafuta bado hajashika bisibisi. Amekaa kwenye kigoda mbele ya cherehani iliyofunguliwa tumbo, miwani imemshukia hadi ncha ya pua, na mkononi ana simu. Anafungua blogu yake mwenyewe. Inakuja papo hapo: maandishi meusi, picha moja ya sindano, basi. Anaifunga, anaifungua tena.

"Inafunguka," anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kibanda chake kimebanwa kati ya duka la kutoa nakala na ghala la magodoro. Ukutani inaning'inia mikanda ya cherehani, mezani kuna makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa, na kila kitu ukikigusa kinakuachia mafuta kidoleni. Yeye hashoni. Kila wiki hakosi mtu wa kumletea kitambaa akitaka suruali, naye humjibu kwa upole kwamba yeye anatibu mashine, nguo hajui hata kupiga pindo. Jina la Mafuta amepewa na wateja, maana kabla hujamaliza kueleza ugonjwa wa cherehani yako atakuwa ameshakuuliza umeitia mafuta lini.

Ni kazi ya kubahatisha. Siku nzuri huletewa cherehani tatu. Siku mbaya huletewa salamu tu, tena na watu wanaopita.

Blogu si wazo lake. Ilifunguliwa na binti yake wa pekee, ambaye tangu utotoni kibandani wanamwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi wa chini kinachozunguka ndani ya cherehani, kwa jinsi alivyokuwa mdogo na asivyotulia. Mama yake alifariki binti akiwa hajaanza shule, kwa hiyo amekulia hapa hapa, chini ya meza hii, akichezea magurudumu ya cherehani mbovu. Alipokuwa mkubwa akachoka kumsikia baba akijibu maswali yale yale kutwa. Akamwambia aseme mara moja, yeye aandike, watu wasome. Baba akasema, binti akaandika: kwa nini uzi unakatika, kwa nini sindano inavunjika, namna ya kukaza mkanda bila kuiumiza mashine.

"Alikuwa ananikatiza," fundi anakumbuka, na uso wake wote unalegea. "Ananiambia, baba, hapo umeshasema, sogea mbele. Mimi nilikuwa nafurahi tu kukatizwa."

Kilichowatenganisha fundi hakifichi. Alimlinda binti kupita kiasi. Akichelewa robo saa, simu inaita. Akitaja rafiki, baba anataka kujua huyo rafiki ni wa nani na anakaa wapi. Ilifika mahali akawa anamfuata. Siku moja Bobini alitoka chuo cha ushonaji akamkuta baba yake amejibanza nyuma ya gari la watu, kopo la mafuta mkononi, eti amepita kikazi.

"Hakupiga kelele," anasema fundi. "Aliniambia, 'Baba, nimechoka kuangaliwa.' Basi. Baada ya wiki chache akasafiri kwenda ng'ambo kufanya kazi, akamuaga shangazi yake peke yake."

Huu ni mwaka wa tatu sasa. Shangazi huyo, dada mkubwa wa fundi, hupigiwa kwa nadra na namba isiyoonekana. Ameapa hatasema zaidi ya anachoruhusiwa, na anachoruhusiwa ni kifupi: Bobini yuko salama. Mara moja tu ulimi ulimteleza akataja nchi.

Fundi aliendelea na blogu. Akajifunza kuandika kwa kidole kimoja, polepole, akisoma kwa sauti huku akiandika. Ndipo jirani yake, mwanamke mwenye lile duka la nakala ambaye mtaa mzima humwita Dada Nakala, akamwonyesha kwamba blogu inaweza kuongezewa plagini, yaani vijiprogramu vinavyopachikwa humo ili ifanye kazi ambazo peke yake haiziwezi. Fundi alielewa mara moja. Mpaka leo anaviita vipuri.

Kipuri cha kwanza kilikuwa ramani ya wageni. Mtu akifungua blogu popote alipo duniani, kitone chekundu kinawaka mahali hapo. Kwa siku kadhaa vitone vyote vilirundikana hapa hapa nyumbani. Kisha Jumapili moja mchana kikawaka kimoja ng'ambo, peke yake, kwenye ile nchi ambayo shangazi aliiropoka.

"Hebu niambie wewe," anasema, akiweka simu chini ili aongee vizuri. "Kule ni nani mwingine anayetaka kujua kwa Kiswahili kwa nini uzi wa chini unajikunja?"

Tangu hapo Jumapili zikawa na maana nyingine. Alikuwa anasimamisha kazi, anaiegemeza simu kwenye kopo la skrubu, anasubiri. Kitone kikiwaka hagusi kitu. Alikuwa akisema tu "yupo", na mteja aliyefuata cherehani yake akajua lazima angoje. Dada Nakala anasimulia kwamba alikuwa akimwona dirishani anatabasamu na ile simu, mpaka yeye mwenyewe anaona haya na kugeuka.

Kuona kulimzidishia hamu. Ramani ilionyesha pia mgeni amekaa muda gani, na Bobini hakuwa mkaaji. Anaingia, anasoma, anaondoka. Fundi akawaza kama mwenyeji yeyote ambaye mgeni wake haketi: labda nyumba haina mvuto. Akaanza kupamba.

Plagini nyingi ni za bure, na hiyo bure ndiyo iliyomponza. Akaweka maua yanayodondoka kutoka juu ya ukurasa. Akaweka saa ya mishale. Akaweka sauti ya cherehani inayolia mtu anapoingia, na kisanduku kinachokurukia machoni kukukaribisha kabla hujasoma hata neno moja. Akaweka na ya kutafsiri blogu kwa lugha ambazo hata majina yake hawezi kuyasoma, ingawa msomaji aliyemtaka alikuwa mmoja tu na Kiswahili amekijua kabla ya kutembea. Nyingine mbili zilikuwa zinafanya kazi ile ile moja, zikawa zinagombana chini kwa chini. Yeye hakuona tatizo, kwa sababu simu yake hutumia intaneti ya dukani kwa jirani, ambayo ina kasi.

Jumapili moja kitone hakikuwaka. Iliyofuata pia hakikuwaka, wala ile iliyokuja baada yake.

"Nilijua amenichoka," anasema. "Halafu nikaanza kuwaza mabaya. Ameugua, amehama, amenyang'anywa simu. Nilikuwa nakaa hapa naitazama ile nchi, haina kitu, nchi nzima."

Na alifanya nini? Akaongeza plagini nyingine mbili.

Jibu lililetwa na shangazi, aliyekuja kwa miguu kwa kuwa hakutaka kulisema kwenye simu. Bobini alikuwa amempigia. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kushona mashuka, mashine yake inaruka mishono, na msimamizi anamgombeza kila siku. Alitaka kusoma ile makala ya baba yake kuhusu sindano, lakini blogu haifunguki tena kwenye simu yake ndogo. Inazunguka, inazunguka, halafu inakata. Kisha shangazi akakohoa na kutoa maneno aliyotumwa, kama alivyoyapokea: "Mwambie baba, mbona ameifunga?"

Lilikuwa neno la kwanza binti kumtumia baba yake tangu aondoke.

"Nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja, sijui nikuelezeje," anasema fundi. "Kumbe alikuwa ni yeye kweli. Na kumbe mimi ndiye niliyemfungia nje. Mtoto anahangaika na sindano, mimi nimemwekea maua."

Kumrudishia jibu kupitia kwa shangazi haikuwezekana. Namba isiyoonekana haipigiki, na bibi huyo, kwa maelezo yake mwenyewe, hata kutunga uzi kwenye sindano huomba msaada.

Basi mchana ule ule Dada Nakala alikuja kibandani na simu yake ya zamani iliyopasuka kioo, akaiweka kwenye intaneti hafifu, wakafungua blogu kama vile Bobini angeifungua. Kiduara kikaanza kuzunguka. Walimaliza chai, kinazunguka.

Dada Nakala akamtaka fundi aziangalie plagini zake moja moja, na kwa kila moja amjibu inafanya kazi gani, inamfanyia nani, na kama aliyeitengeneza bado anaitunza au alishaitelekeza zamani. Saa ya mishale ilikosa mtetezi. Sauti ya cherehani ilifutwa huku fundi akiguna. Kwenye maua alijitahidi kujitetea, kwamba yanapendeza, kwamba Bobini alipenda maua. Jirani hakubishana naye. Alimuuliza tu huwa anafanya nini mteja akimletea mashine iliyofungwa vipuri visivyo vyake. Fundi akayafuta maua kwa kidole chake.

Zilibaki chache. Moja huzuia maoni ya matapeli, maana bila hiyo makala ya sindano hujaa matangazo ya dawa za kukuza nywele. Nyingine hutunza nakala ya maandishi yasije yakapotea yote siku moja. Nyingine hupunguza uzito wa picha. Na ikabaki ramani.

Wakajaribu tena. Safari hii kichwa cha blogu kilitokea, lakini makala yenyewe haikuja, kwa sababu ramani ilikuwa inataka kuingia kwanza, na ni dunia nzima ile.

Dada Nakala anasema fundi aliuliza maswali mengi mchana huo. Aliuliza kama picha haziwezi kupunguzwa tena. Aliuliza kama makala ikifupishwa itasaidia. Aliuliza kama plagini ya kutunza nakala ni ya lazima kweli. Aliuliza kila kitu isipokuwa ramani.

"Mwisho nikamwambia, fundi, ni hiyo," anasema jirani huyo. "Ukiiacha utakuwa na mahali pa kumwona, ila hataweza kuingia. Ukiiondoa ataingia, ila hutamwona. Nilitaka nimsaidie kubofya, nikaona hapana. Hilo lilikuwa lake."

Fundi alijifuta mafuta mikononi, vidole vyote, taratibu. Kisha akabofya. Kwenye simu iliyopasuka kioo makala ya sindano ilifunguka mara moja, yote, hadi mstari wa mwisho.

Siku hiyo hiyo aliandika makala mpya kuhusu mashine inayoruka mishono. Alieleza sindano iliyopinda kidogo ambayo jicho haliioni mpaka uiviringishe juu ya kioo, sindano iliyopachikwa kinyume, na sindano ambayo namba yake haiendani na kitambaa. Mwanzoni alianza kwa neno "mwanangu". Akalitazama, akalifuta, akaanza kama anavyoanza siku zote: je, umeitia mafuta?

Hilo sasa lina miezi. Shangazi hajapigiwa tena, na kama mishono ya Bobini ilikaa sawa hakuna ajuaye. Jumapili ya kwanza fundi aliiegemeza simu palepale kwa mazoea, ndipo akakumbuka kwamba hakuna cha kutazama. Siku hizi Jumapili anafanya kazi. Anasema ni afadhali mikono iwe na shughuli.

"Nina hamu naye," anasema ghafla, katikati ya maelezo mengine kabisa, akiwa ameshikilia gurudumu. "Watu wanasema muda unapunguza. Kwangu haujapunguza. Zamani nilikuwa nasubiri Jumapili, sasa sijui nasubiri nini, lakini nasubiri."

Wiki mbili zilizopita Dada Nakala alimletea habari njema. Alikuwa amepata plagini nyingine ya kuhesabu wageni, nyepesi mno. Haina ramani wala haionekani kwa msomaji, na inatunzwa vizuri na wenyewe. Ingemwambia fundi jambo moja tu, wageni wa leo wametoka nchi gani, na blogu isingechelewa hata kidogo. Aliijaribu kwanza kwenye simu yake mbovu ili awe na uhakika.

Fundi aliomba aonyeshwe. Akaomba aonyeshwe mara ya pili. Jirani anasema aliishika ile simu muda mrefu hivi kwamba akadhani ameshakubali. Kisha akamrudishia, akamshukuru sana, akamwambia hapana.

"Aliondoka kwa sababu ya macho yangu," anaeleza sasa, na sauti yake imeshuka. "Nami nikamfuata hadi ng'ambo na macho yale yale. Hakujua kama namwona. Angejua, angeacha kusoma. Huyu si mtoto tena, ni mtu anayefanya kazi. Acha asome peke yake."

Na kama hasomi tena?

Fundi anairudia cherehani. Anageuza gurudumu, anasikiliza, anatia tone moja la mafuta, anageuza tena.

"Hilo ndilo linaloniuma," anasema. "Sitakudanganya kwamba haliniumi."

Jumamosi hii ana miadi. Mashine za viwandani hajawahi kuzifungua maisha yake yote. Huendeshwa kwa mota, hushona kwa kasi ambayo cherehani ya nyumbani ingetawanyika, na mafuta yake hukaa kwenye bakuli chini ya mashine badala ya kudondoshwa kwa kopo. Karakana moja ya kushona viti vya magari inayo moja, na mwenye karakana amekubali amwachie aifungue wakati hakuna kazi, mradi airudishe ikiwa nzima. Fundi ameshatenga bisibisi zake kwenye mfuko. Amemwomba Dada Nakala amwazime simu ya kupigia picha, na amemwahidi kwamba picha hazitazidi tatu, zote nyepesi.

Anataka aandike makala mfululizo kuhusu mashine hizo, kuanzia sindano hadi mota, hata ikimchukua mwaka. Wateja wake hawazihitaji. Hakuna mtu mtaani mwenye mashine ya namna hiyo, naye analijua hilo.

"Kutwa nzima mwanangu ameinamia mashine ambayo mimi siijui," anasema, akiifunga cherehani tumbo. "Nataka niijue. Siku akikwama tena mbele yake, akute nimeshafika."