Pamba Kwenye Maungio ya Bomba

Siku tuliyowasha moto tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la sita, baba mdogo, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Nkololo, na fundi bomba wa Bariadi mjini, aliyekuja kuangalia tu, maana kazi nilikuwa nimeifanya mwenyewe.

Wazazi walikuwa wamekufa na mimi nimeacha shule. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Wafanyabiashara walileta vifaranga vya kisasa kutoka Mwanza, nasi tukaongeza chumba nyuma ya nyumba ili tuvifuge. Sakafu yake ya saruji ilikuwa baridi mno alfajiri za mwezi wa saba. Jiko la mkaa lilikuwa limeua vifaranga vya jirani kwa hewa yake. Ndipo fundi akanieleza: pipa la maji likae nje, chini yake moto wa miti ya pamba, bomba litoke juu ya pipa, lizunguke ukutani ndani, lirudi chini. Maji ya moto yatajizungusha yenyewe.

Mabomba niliyanunua kwa kumuuza ng'ombe wa baba mdogo, mtamba ambaye hajazaa bado. Mwenyewe alinikabidhi mbele ya mdogo wangu, akasema vifaranga vikifa, binti atakwenda kwake kutwanga na kuchota maji mpaka ng'ombe arudi. Nilikubali bila kumtazama mdogo wangu.

Fundi alikuwa ameniagiza nifunge maungio kwa katani na rangi. Katani ni ya kununua, na pamba ilijaa stoo, ushirika haujaja kuichukua. Nikasokota pamba.

Ukuta ulipopata joto, mdogo wangu alicheka. Fundi akauliza nimefungia nini. Nilipomwambia, alitaka moto uzimwe. Nikakataa, vifaranga vingepigwa baridi.

Vilikuwa vimejikusanya chini ya ungio la kona, penye joto zaidi. Pamba ilipoachia, maji yanayochemka yaliviangukia vyote.

Baba mdogo alichungulia mlangoni. "Fundi," akaniambia mimi, "umepika kabla ya kuchinja."

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti, akiokota vilivyokuwa bado vinahema.

"Acha hivyo. Funga nguo zako."

"Baba mdogo, kesho tuna mtihani."

"Kwangu pia upo. Unaitwa kinu."

Mdogo wangu aliondoka amekaa nyuma ya baiskeli. Hakunipungia mkono, wala sikustahili.

Nililima pamba misimu mitatu, nikawauzia wanunuzi binafsi, nikapata mtamba. Nikamswaga kwa miguu hadi Nkololo. Mdogo wangu alikuwa uani, viganja vimeota sugu. Baba mdogo alimfungua ng'ombe mdomo, akatazama meno, akamwingiza zizini.

"Umeleta mama," akasema. "Wangu angekuwa amekwisha kuzaa mara mbili. Watoto wake wako wapi?"

Wazee wawili waliokaa naye walitikisa vichwa kukubali; ndivyo deni la ng'ombe linavyohesabiwa kwetu. Mdogo wangu alirudi kwenye kinu kabla sijaaga. Walibaki ndama wawili.