Sabuni ya Zedekiah na Meno ya Msumeno

Saa moja asubuhi, nyuma ya Kenyatta Market, Zedekiah Ogutu anakata sabuni ya kufulia kwa kisu. Nguo za kufua hana. Yeye ni seremala, na kwake sabuni ndiyo inayochagua bledi ya msumeno.

Bledi iliyofungwa kwenye meza imekwisha kupita ndani ya kipande cha mbao na kuacha mfereji. Zedekiah anashindilia sabuni humo, anaitoa polepole, anaiinua kwenye mwanga.

“Hii iko na masikio,” anasema bintiye, Lornah, aliyesimama mlangoni.

Masikio ni vinundu viwili pembeni mwa sabuni. Vinaonyesha kuwa meno yaliyochongoka yamechimba pembe za mfereji kuliko katikati. Vidole vya mbao, zile ncha zinazoshikanisha pande za sanduku bila msumari, vikiingizwa humo, chini hubaki uwazi, na sanduku la namna hiyo Zedekiah halitoi.

Leo ni Alhamisi. Lornah anaolewa Jumamosi. Sanduku lake la mvule, lisilotakiwa kuwa na msumari hata mmoja, bado ni mbao nne zilizoegemezwa ukutani. Dada zake wawili waliondoka nyumbani na masanduku kama hayo.

Kosa ni la Zedekiah mwenyewe, wala hafichi. Bledi yake ya zamani, yenye meno ishirini na manne bapa kama patasi, ilipasuka wiki jana. Akaenda mjini, akaona mpya ya meno sitini yaliyochongoka inang'aa, akaibeba.

“Nilidhani meno mingi ni kazi safi,” anasema. “Mzee Ndeti angenicheka mpaka alie.”

Marehemu Haron Ndeti ndiye aliyemfundisha kazi mwaka 1963, katika karakana yake ya Grogan Road, barabara ambayo siku hizi ina jina jingine. Hakuwa akinunua bledi kabla ya kuijaribu, na wenye maduka walimvumilia kwa sababu alijua kuchekesha. Kipande cha sabuni hakikukosekana mfukoni mwake.

“Alikuwa anasema macho inapenda kitu ya kung'aa, sabuni haipendelei mtu,” Zedekiah anakumbuka. Karakana ile haipo tena. Mvua ikinyesha, anasema, bado husikia harufu ya gundi ya moto na vumbi la mvule, na humkumbuka mzee wake.

Lornah alianza kumshikia baba yake sabuni akiwa na miaka sita. Leo ndiye anayemletea tupa.

“Baba, piga hizo meno zikuwe bapa.”

“Na nikiharibu? Sina ingine.”

“Ukiharibu nitaolewa nikibeba nguo kwa gunia. Piga tu.”

Anapiga tupa, jino baada ya jino, hadi saa saba mchana. Anakata mfereji mwingine, anashindilia sabuni, lakini safari hii haitazami. Anampa Lornah.

Lornah anapitisha kidole gumba ukingoni, anarudia tena.

“Haina masikio, Baba.”

Zedekiah analia, wala hajifichi. Kisha anavuta ubao wa kwanza wa mvule.

“Jumatatu nitafungua hapa, na hakuna mtu wa kunisomea sabuni,” anasema. “Lakini Mungu akimpa Lornah mtoto, msichana ama kijana, amlete. Mimi nitakuwa nimeshakata kipande yake ya sabuni.”