Chupa zangu zimegeuka za ukwaju

Kreti moja ya chupa tupu imepotea barazani kwangu leo alfajiri, hapa Kivinje.

Chupa ishirini na nne.

Unayeona chupa tupu ni takataka, elewa: gari la soda halikuachii kreti iliyojaa bila kuondoka na tupu. Na kesho kuna harusi, soda wameagiza kwangu.

Mchana nikapita kwa Bi Somoe, jirani yetu mtu mzima, kumjulia hali.

Shikamoo, marahaba, akaniletea chupa ya soda. Ndani ukwaju wa baridi.

Nikachungulia kitako cha chupa. Tone jekundu la rangi ya kucha.

Alama yangu mwenyewe.

“Bibi, huu umenunua wapi?”

“Kwa jirani. Kanikataza nisimtaje, kwako hasa. Kunywa, mwanangu.”

Nikanywa, ningefanyaje? Jamani, ukwaju huu unaishinda soda yangu, na Bibi anasema bei yake nusu.

Sasa jirani, sitaki ugomvi. Wewe ni nani, na humo umetia tangawizi au iliki? Nijibu hapa hapa kwenye kundi letu la mtaa kabla ya adhana ya magharibi.

Chupa nazitaka tupu.

Ukwaju ulete kwenye ndoo, tuelewane bei.