Nilimwambia Mke Wake Lori Lilikuwa Jeupe

Admin, asante kwa kunificha. Majina nimebadilisha, mengine yote ni vile yalivyotokea. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nashona sare za shule hapa Kayole. Nimeishi na mwanaume nitakayemwita Dan miaka minne, na mwezi ujao wazee wake wanakwenda kwetu magharibi kuongea na baba mambo ya mahari. Mama ameshawaambia kina mama wote wa kanisa. Lakini siku hizi Dan akinishika tu begani, nasikia kutapika.

Dan anapenda pikipiki kubwa, zile za mbio. Wako na kikundi chao, na rafiki yake wa karibu ni Kevo wa Ziwani, mume wa Mama Tasha. Kevo ni mpole, mtu wa kucheka pole pole. Mimi ananiita shem.

Mwezi uliopita walienda mkutano wa pikipiki wa siku mbili nje ya jiji, nami nikaandamana nao. Palikuwa na kipande cha barabara kilichowekwa lami kisha kikaachwa bila kumalizika, na mbele yake mawe matupu. Hapo ndipo walikuwa wanashindana wawili wawili, moja kwa moja, kuona nani atafika mwisho kwanza. Hema, muziki, nyama ya mbuzi, moshi wa magurudumu mpaka macho yanawasha. Ambulensi hakuna. Jumamosi nilifurahia, sitawadanganya.

Jumapili asubuhi Kevo alikagua pikipiki yake, akamwambia Dan, "Breki ya mbele haishiki vizuri. Leo mimi ni mtazamaji."

Dan akasema wacha uoga. Kevo akatingisha kichwa. Basi Dan akachukua leso yangu niliyokuwa nimekalia, akamfunga nayo kiunoni mbele ya watu wote, akasema, "Mama Tasha akuje amchukue huyu, akamkorogee uji." Watu wakacheka. Nilicheka pia. Kevo aliniangalia, akafungua ile leso, akaikunja vizuri na kunirudishia. Kisha akavaa helmeti.

Walianza pamoja, Dan na yeye. Mwishoni Dan alifunga breki akasimama. Kevo hakusimama. Alipita lami, akaingia kwenye mawe, na pikipiki ikamrukia.

Tulimkuta hajitambui, damu inatoka masikioni. Wanaume wawili walimpakia kwenye pikapu wakamkimbiza hospitali. Nilitaka kuingia nimshike kichwa, Dan akanivuta mkono. Akasema nafasi haipo. Nafasi ilikuwepo.

Nilidhani mkutano umeisha. Dakika chache baadaye muziki ulirudi na wengine wawili wakapanga pikipiki zao kwenye mstari. Dan na wenzake watatu nao walikuwa wanainua ile ya Kevo kwenye gari lingine. Nikauliza wanaipeleka wapi. Dan akanijibu bila kuniangalia, "Barabara kuu. Hapa hakuna kibali cha mbio, tutashikwa wote. Kevo amegongwa na lori kutoka nyuma, likatoroka. Umesikia?" Kisha akaokota jiwe, akavunja taa ya nyuma. Alipiga mara tatu, akarudi hatua moja kuangalia kama imekaa sawa.

Waliporudi, Dan aliketi mezani akala nyama. Mkono wa jaketi lake ulikuwa na damu ya rafiki yake, imeshaanza kukauka, na ulikuwa unagusa kachumbari kila akichovya. Akanisogezea sahani, akasema, "Kula, itapoa." Nilienda nyuma ya hema nikatapika mpaka tumbo likauma.

Jioni tulimkuta Mama Tasha hospitalini. Alinishika mikono yote miwili, akaniuliza, "Dada, wewe ulikuwepo. Uliliona hilo lori?"

Dan alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema ndiyo. Halafu, na hapa ndipo ninajichukia, nikaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba lilikuwa jeupe.

Sasa yule mwanamke haketi. Anazunguka pale kwenye barabara kuu akiuliza wenye vibanda kama waliona lori jeupe. Usiku anakesha na mume wake, ambaye hadi leo ana mpira wa kupumulia mdomoni na hajasema neno. Juzi nilimwuliza Dan, "Kevo akiamka akasema ukweli, utafanya nini?" Alikuwa anakata kucha. Akanijibu, "Madaktari wenyewe hawana tumaini. Mungu akimchukua, mambo yatajimaliza." Aliendelea na kucha zake. Tangu siku hiyo nalala kwenye kiti, namdanganya mgongo unaniuma.

Nilitaka kurudi kwetu kimya kimya, nisingizie ugonjwa. Lakini jana Mama Tasha alinipigia simu. Polisi wamemwambia alete mtu aliyeona ajali kwa macho yake aandikishe taarifa. Akasema, "Wengine wote hawashiki simu zangu. Nimebaki na wewe tu, dada yangu. Jumatatu saa mbili nitakupitia twende pamoja." Nikamwambia sawa.

Nikisema ukweli, Dan atafungwa, na Mama Tasha atajua nilimdanganya akiwa amenishika mikono, na kwamba nilicheka mume wake akiaibishwa. Nikirudia uongo, nitautia sahihi.

Usinitukane sana wewe unayesoma, mimi nimeshajitukana vya kutosha. Niambie tu: Jumatatu akibisha mlango, nitoke naye nikaseme nini, ama nimkalishe kwanza hapo kwangu nimwambie yeye kabla ya polisi?