Taa Ndani ya Mshipa wa Moyo Wangu

Naitwa Mama Asha, mnunuzi wa dagaa wa Kibirizi, kando ya ziwa, na ubishi nimezaliwa nao. Zamani beseni langu nililibeba mwenyewe. Wachukuzi niliona ni wa watu wavivu.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakivuka ziwa, mmoja wao, Godeliva, alifikia kwangu akingoja kupelekwa kambini. Kwao alikuwa muuguzi.

Asubuhi moja naanika dagaa, kifua kikanibana. Maumivu yakashuka mkono wa kushoto, mengine yakapanda tayani. Jasho likanitoka jembamba. Nikasema ni gesi tu. Kwetu kifua kikisumbua tunakunywa mafuta ya mawese ya vuguvugu yenye chumvi, nami nilikunywa kikombe kizima, siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikayatapika yote, nikaangukia dagaa wangu.

"Dada, si gesi. Ni umutima, ni moyo," Godeliva akasema.

"Niache nilale."

"Ukilala hapa tutakuzika."

Mgeni kunisemesha hivyo! Nilikasirika, lakini nikaenda.

Hospitali ya mkoa walinituliza kwa dawa, wakanipa rufaa ya Dar es Salaam. Huko picha ya kwanza ilionyesha mshipa mmoja wa moyo umeziba nusu, ila haikuonyesha umezibwa na nini. Niliogopa kupasuliwa kifua, nikalia mbele ya daktari bila haya.

"Mama, tutapitisha waya mwembamba wenye taa, kuanzia mkononi," akasema. "Mwanga wake utatuonyesha ukuta wa mshipa kwa ndani."

Walipoupitisha nilikuwa macho. Nilisikia mchomo wa ganzi, basi. Kwenye kioo cha mashine nikaona duara la mshipa, upande mmoja limevimba.

"Hapa pana mafuta," daktari akasema. "Utando wake umechanika, damu imeganda juu."

"Ni mawese yangu?" nikauliza kwa aibu.

Akacheka. "Haya ni ya miaka mingi. Kilichotaka kukuua ni zile siku tatu za kungoja."

Akaweka kijibomba cha waya kuushikilia mshipa. Kifua hakikupasuliwa, alhamdulillahi. Nilipumua mpaka chini, nikalia tena, safari hii kwa raha.

Niliporudi, Godeliva alishapelekwa kambini. Nikaomba kibali cha kuingia huko, nikamfuata, nikamshukuru mbele ya watu.

Ndugu zangu, kifua kikibana na jasho likikutoka umekaa tu, usijitibu. Na akitokea mtu wa kukufokea uende hospitali, hata awe mgeni aliyeshuka jana, mtii.