Futari ya Kiwandani

Jumatano iliyopita nilikwenda kwenye kiwanda kimoja huko Kwala kumpelekea shemeji yangu kitambulisho alichokisahau nyumbani. Ilikuwa inakaribia saa tisa, na nyuma ya ofisi ya utumishi wapishi walikuwa wakimenya muhogo. Afisa utumishi akaniambia kwamba Ramadhani hii kiwanda kinawafuturisha wafanyakazi wote bure. Nikamwombea dua mwenye kiwanda pale pale kaunta.

Akaingia mama mmoja wa kitengo cha kufungasha, mikono ameifumbata mbele ya aproni.

"Bosi, naomba ruhusa niwahi nyumbani nikawapikie watoto futari."

Afisa hakuinua kichwa. Alielekeza kalamu kwenye masufuria. "Futari si ile pale?"

"Ile ni yangu. Ya watoto je?"

"Mama, mwaka jana ikifika saa tisa, nusu ya kiwanda mnaomba ruhusa. Ile futari tumeiweka ili msiondoke."

Alisema bila hata kupunguza sauti, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Kwetu Vihingo hata mpita njia huitwa kwenye futari, na akishiba huenda zake. Sikuwahi kuona muhogo ukifanya kazi ya kufuli.

Mama akaufunga upya mtandio wake, akarudi kwenye mashine.

Afisa akanigeukia kwa ukarimu kabisa. "Mzee, subiri ufuturu nasi."

Nikashukuru, nikaondoka. Mlinzi alinifungulia geti bila kuniuliza kitu, maana mimi si mwajiriwa wao.