Mahadhi ya Khatibu

Ilianza Alhamisi moja ya mfungo sita, mwezi wa maulidi, saa kumi na moja na robo jioni, pale bibi mmoja mgeni alipokaa sebuleni kwetu na kuuliza, "Mlango wa kusimama anasoma nani?"

Yalikuwa maulidi ya wanawake, wengi wao wafanyabiashara wa Dar na Unguja walioko huku Guangzhou, tumebanana juu ya vitambaa vya sampuli alivyoleta mama kutoka soko la vitambaa la Zhongda. Udi hatukufukiza. King'ora cha moshi cha jengo letu hakina subira.

"Mjukuu wangu," Bibi akajibu. "Mlango huo ni wa nyumba yetu."

Bibi ndiye aliyemzaa mama. Yuko huku kwa matibabu ya koo, na tangu operesheni sauti yake imebaki kama karatasi inayokunjwa. Baba yake alikuwa khatibu wa kijiji kimoja pwani ya mashariki ya Unguja, kule matajiri wa mjini walikohamia kila kaskazi joto likizidi. Milango ya maulidi ya kule, yaani sehemu zake za kusomwa, iligawiwa kwa nyumba. Matajiri walipewa mingine yote, ila ule ambao watu huinuka ukisomwa ulikuwa wa nyumba ya khatibu, kwa mahadhi yake mwenyewe. Khatibu kafa, wanawe wa kiume wamekufa, mama hakujifunza. Mahadhi yamebaki kichwani kwa Bibi, na kuyatoa hawezi. Mimi alinifundisha maneno, mahadhi akiyachora hewani kwa kidole. Aliutaka mlango ule usomwe na mtu wa kwao japo mara moja zaidi. Na mimi, ukweli, hata kusalimia wageni nakwama.

"Kumbe wewe ni wa kwa khatibu!" mgeni akasema. Yeye ni wa nyumba kubwa kuliko zote kule, kaja na mwanawe anayenunua viatu soko la jumla la Zhanxi. "Msikiti wenu ule kajenga babu yangu."

"Kwenye kiwanja cha nani?" Bibi akamrudi.

"Na mawe je?"

"Mawe! Mlijenga na majumba, mkija mwezi mmoja na kanzu zenu za kulalia, mwaka mzima wanakaa popo."

"Popo wana adabu, hawachungulii madirisha ya watu kama nyie!"

"Tuchungulie nini, mwanangu? Mlikuwa na nini?"

Watu wakacheka, lakini Bibi hakucheka.

Mlango wangu ukafika. Mstari wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka mwembamba, wa tatu haukuja. Nikaona soksi za watu tu. Nikamtazama Bibi. Midomo yake inakwenda, sauti hakuna.

Ndipo sauti nzito ikaudaka mstari. Ni yule mgeni. Hakusoma kama tunavyosikia kwingine; mwisho wa kila mstari aliuvuta juu, akauzungusha, akaushusha taratibu, vilevile kilivyokuwa kikienda kidole cha Bibi. Bibi akaziba mdomo kwa mkono. Watu wakainuka. Nami nikarudi kusoma nyuma ya mgeni, kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake sokoni.

Tulipomaliza Bibi akamuuliza, "Umeyapata wapi?"

"Barazani kwenu. Kwetu wakidhani naogelea. Baba yako akiniweka nyuma ya mlango, ananiambia, 'Mtoto wa tajiri, toa sauti, hailipiwi.'"

Bibi akacheka mpaka akakohoa, kisha akalia. "Mie nikijua mliondoka mkasahau kila kitu."

"Tulisahau mengi, ndugu yangu. Majina ya watu, hata fadhila zenu. Hili halikutoka." Akanigeukia. "Na huyu mtoto maneno anayo. Mimi nipo mpaka Jumapili."

Usiku Bibi alilala kanishika mkono.

Asubuhi yake, mikokoteni ya Zhanxi haijaanza fujo, nilikwenda peke yangu hotelini kwa yule mgeni nikagonga.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kujifunza."

"Marahaba. Ingia."

Akaondoa maboksi ya viatu kitini, nikakaa.